Kurasa 33 za Baba

Barua ilitangulia kufika. Beamon Triplett alikuwa mwanasheria katika mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi, na mwaka 1938, kabla ya kumpeleka mwanawe Donald kwa daktari maarufu wa watoto huko Baltimore, aliamua kuandika kila alichokiona kwa mtoto huyo tangu azaliwe. Maelezo yalipokamilika yalijaza kurasa 33 za taipureta.

Yameandikwa na mtu aliyezoea kuandaa ushahidi. Akiwa na mwaka mmoja, Donald aliimba nyimbo bila kukosea sauti. Akiwa bado mdogo kabisa alihifadhi Zaburi ya 23 pamoja na maswali na majibu 25 ya katekisimu ya Kipresbiteri. Lakini ukimwita jina haitikii. Wazazi walimletea hata Baba Krismasi kwa mavazi yake yote, mtoto akaendelea na shughuli zake. Alipenda kuzungusha vitu sakafuni, na ole wake atakayemkatiza.

Kuna jambo moja dogo katika historia ya mtoto huyu ambalo kila nikilisoma nasimama kidogo. Baba alitaka kumfundisha kusema ndiyo. Akamwambia kwamba akitamka neno hilo atambeba mabegani. Donald alijifunza upesi, ila kwake ndiyo ikawa na maana hiyo peke yake: nibebe mabegani. Ukimuuliza kama anataka maziwa, ndiyo yake ilikuwa ni ya mabega ya baba. Hakuna kipimo cha hospitali ambacho kingelinasa jambo hilo. Lilihitaji mtu aliyekuwapo nyumbani siku lilipotokea, akalikumbuka, akaona linafaa kuandikwa.

Mwaka mmoja kabla ya safari hiyo, madaktari walikuwa wamewashauri wazazi wamwondoe mtoto nyumbani, kwa hoja kwamba walimchangamsha kupita kiasi. Basi Agosti 1937 Donald, ambaye hajatimiza hata miaka 4, alipelekwa kwenye kituo cha watoto waliohofiwa kupata kifua kikuu, katika mahali palipoitwa Sanatorium. Wazazi waliruhusiwa kumwona mara 2 tu kwa mwezi. Huko alikaa kimya, hatikisiki, hajishughulishi na lolote. Mkurugenzi aliona mtoto anaendelea vizuri na akataka aachwe hapohapo. Wazazi walikataa. Mwaka uliofuata walikwenda wakamchukua, na Oktoba 1938 wakafika naye Baltimore.

Daktari mwenyewe aliitwa Leo Kanner. Alizaliwa mwaka 1894 katika kijiji kimoja cha eneo la Galicia, ambacho siku hizi kiko Ukraine, akahamia Marekani mwaka 1924 kufanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Yankton, South Dakota. Mwaka 1930 alianzisha kliniki ya magonjwa ya akili ya watoto katika hospitali ya Johns Hopkins, na kitabu chake cha mwaka 1935 ndicho kilichokuwa cha kiada katika fani hiyo kwa Kiingereza. Kwa ufupi, kama kulikuwa na mtu wa kujua Donald ana nini, ni huyu. Naye hakujua. Alimlaza mtoto kwa uangalizi wa majuma mawili, akabaki na maswali.

Ilichukua miaka kadhaa, na watoto wengine wakaletwa mmoja mmoja, hadi mwaka 1943 Kanner alipochapisha makala kuhusu watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3. Wa kwanza kwenye orodha ni Donald. Kanner aliandika kwamba watoto hawa walizaliwa hivyo, bila uwezo wa kawaida wa kujenga uhusiano na watu. Hiki ndicho tunachokiita usonji leo. Neno alilotumia, autism, lilikuwa tayari mtaani: Eugen Bleuler wa Zurich alilibuni karibu na mwaka 1911 kueleza jinsi wagonjwa wa skizofrenia wanavyojifungia ndani ya nafsi zao. Kuazima neno hilo kulileta mkanganyiko uliodumu karibu miaka 40, maana hadi mwaka 1980 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ulikuwa bado unawahesabu watoto hawa chini ya skizofrenia ya utotoni.

Makala hiyo ilijaa maneno ya wazazi. Ukiyaondoa, ukurasa unabaki mweupe. Na bado Kanner, alipofika mwishoni, aliigeuza ile barua ndefu ya mwanasheria kuwa dalili: wazazi wanaoandika kwa undani kiasi hiki, alisema, wana tabia ya kung'ang'ania mambo madogo, na wachache mno kati yao ni watu wenye moyo mchangamfu. Shahidi alitoa ushahidi wake, na kabla hajatoka kizimbani akawa mshtakiwa.

Kanner hakuwa peke yake kuwaona watoto hawa, wala hakuwa wa kwanza. Moscow, mwaka 1925, daktari aitwaye Grunya Sukhareva alichapisha maelezo ya wavulana 6 aliowafuatilia katika shule ya tiba, wakiishi, wakisoma na kufanya kazi za mikono chini ya macho ya walimu na madaktari. Ukiyasoma maelezo yake leo unajiuliza ilikuwaje dunia ikapitwa. Makala ilitoka kwa Kijerumani mwaka uliofuata, ikasahaulika. Vienna nako kulikuwa na kliniki ambamo Georg Frankl, Myahudi, alifanya kazi na watoto wa aina hii kabla ya kuwakimbia Wanazi. Frankl alipata ajira kwa Kanner, na alikuwa miongoni mwa waliomwangalia Donald katika yale majuma mawili.

Katika kliniki hiyo ya Vienna alibaki Hans Asperger, aliyechapisha makala yake mwaka 1944. Kwa miaka mingi alisimuliwa kama mtetezi aliyewaficha watoto dhidi ya Wanazi. Mwaka 2018 mwanahistoria Herwig Czech alitoa matokeo ya kupekua mafaili ya enzi ile, na hadithi ikabadilika. Kulikuwa na kituo kilichoitwa Am Spiegelgrund, ambako walikufa watoto 789, wengi wao wakiuawa. Juni 1941 Asperger alimpima msichana mdogo aitwaye Herta Schreiber, ambaye hakuwa na usonji bali ubongo wake ulikuwa umeathiriwa na maradhi, akaandika kwamba nyumbani mtoto huyu bila shaka ni mzigo usiobebeka kwa mama mwenye watoto wengine 5 wazima, na kwamba kumpeleka Spiegelgrund kwa kudumu ni lazima. Herta alikufa huko tarehe 2 Septemba, siku moja baada ya kutimiza miaka 3. Namtaja kwa sababu ya jinsi karatasi ile ilivyoandikwa. Aliyezungumza kwa niaba ya mama ni daktari.

Turudi Mississippi. Mwaka 1942 wazazi wa Donald walimpeleka akaishi na wakulima wasio na watoto, akina Lewis, nje kidogo ya mji. Kanner alikwenda kumtembelea mwaka 1945 na alichokikuta alikieleza kwa mshangao. Donald alikuwa na wazimu wa kupima vitu. Mkulima akampa kazi ya kuchimba kisima na kuripoti kimefika kina gani. Alikuwa akihesabu mistari ya mahindi bila kukoma. Mkulima akamwambia aihesabu huku akilima, na Kanner akamwona mtoto akiongoza farasi na plau, akigeuza mwisho wa shamba na kuanza mstari mwingine. Alikuwa akikusanya ndege na wadudu waliokufa; akapewa kipande cha ardhi kuwa makaburi, na juu ya kila kaburi aliweka kibao: jina la kwanza alilobuni mwenyewe, jina la kati ambalo ni aina ya kiumbe, na la mwisho ni Lewis, ukoo wa mwenye shamba. Tarehe ya kuzaliwa haijulikani, ya kufa imeandikwa.

Mkulima huyo hakuwa amesoma saikolojia. Lakini sijui mpango wa huduma, wa zamani au wa sasa, uliomshinda kwa busara. Hakumzuia mtoto kuhesabu. Alimtafutia vya kuhesabu.

Donald alimaliza sekondari, akasoma chuo cha Millsaps na kuhitimu mwaka 1958, akarudi Forest kufanya kazi katika benki iliyoanzishwa na babu yake. Alicheza gofu, aliendesha gari, alisafiri nchi nyingi peke yake, na alikuwa na mazoea ya kuwapa watu namba. Alifariki Juni 2023 akiwa na miaka 89. Ni kweli kwamba fedha za familia zilimsaidia sana. Ni kweli pia kwamba mji mzima ulimfahamu na kumchukulia kama alivyo.

Wenzake wengi hawakuwa na bahati hiyo. Mwaka 1971 Kanner aliwatafuta tena wale 11 ili kujua wameishia wapi. Waliopelekwa katika hospitali za serikali za wagonjwa wa akili walikuwa wamepoteza karibu yote waliyokuwa nayo. Kumbukumbu za ajabu, juhudi ya kutaka kila kitu kibaki kama kilivyo, hata kule kupenda vitu, vyote vilikuwa vimezimika, na wakawa wamekaa tu. Kanner, ambaye alikuwa amefanya kazi katika hospitali ya namna hiyo, aliandika kwamba kulazwa humo kulikuwa sawa na kifungo cha maisha. Kutoka kwa mwanzilishi wa fani, hayo si maneno madogo.

Kifungo hicho kiliwakuta wengi ambao hawakuwahi kuingia katika makala ya mtu yeyote. Archie Casto wa Huntington, West Virginia, alikuwa mtoto asiyesema. Mwaka 1919, akiwa na miaka 5, aliingizwa katika hospitali ya serikali ya mji huo, wakati ambao hakuna daktari aliyekuwa na jina la hali yake. Alitoka mwaka 1988. Alipotoka alikuwa mzee asiye na meno, na wahudumu wa nyumba ndogo aliyohamishiwa ilibidi wamfundishe mambo ya kila siku ambayo mwanadamu mwingine hujifunza utotoni. Akajifunza. Aliishi huko karibu miaka 9.

Sasa yale ya lawama. Mwishoni mwa miaka ya 1940 maneno ya Kanner kuhusu wazazi baridi yalikuwa yamepata mbawa. Yeye mwenyewe aliwafananisha na friji. Enzi ile saikolojia ya Freud ilikuwa imetawala, na kila tatizo la mtoto lilitafutiwa chanzo kwa mama. Aliyeikoleza zaidi lawama hiyo ni Bruno Bettelheim, mkuu wa shule ya makazi ya Chuo Kikuu cha Chicago, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1967 alidai kwamba mtoto hujifungia kwa sababu anahisi mzazi hataki awepo. Alikuwa amepitia kambi za Wanazi za Dachau na Buchenwald, na aliwalinganisha watoto hao na wafungwa wa kambi. Mlinganisho huo ukimaliziwa, basi mama ni mlinzi wa kambi. Kitabu kilisifiwa magazetini, mwandishi akaonekana kwenye televisheni. Huduma iliyofuata mantiki hiyo ilikuwa kumtenga mtoto na nyumbani na kumtibu mama.

Aliyeuvunja ukuta huo hakuwa daktari wa akili. Bernard Rimland alikuwa mtaalamu wa saikolojia ya vipimo katika jeshi la wanamaji, San Diego. Mwanawe Mark, aliyezaliwa mwaka 1956, alilia tangu siku za kwanza bila kunyamazishika. Mkewe Gloria alikumbuka kwamba aliwahi kusoma habari za mtoto wa namna hii chuoni, akaenda kwenye maboksi ya vitabu vya zamani akaipata. Rimland akaanza kusoma kila kilichoandikwa, na mwaka 1964 akatoa kitabu kilichojenga hoja kwamba usonji una asili katika mwili na ubongo, na kwamba ushahidi wa kuwatia hatiani wazazi haupo. Kanner aliandika dibaji yake.

Kilichofanya kazi kubwa, kwa maoni yangu, ni kurasa za mwisho wa kitabu. Rimland aliweka hapo dodoso la wazazi. Wazazi walilijaza, wakalituma kwake, na barua zikamiminika kutoka kila pembe ya nchi. Yale aliyoyafanya baba mmoja wa Forest sasa yalifanywa na mamia, kwa maswali yaleyale, na majibu yakaweza kulinganishwa. Mwaka 1965 wazazi hao walikutana New Jersey na kuunda chama cha kitaifa. Miongoni mwa waasisi alikuwa Ruth Sullivan, ambaye baadaye alihamia Huntington na taasisi yake ndiyo iliyompokea Archie. Mwaka 1969 Kanner alisimama mbele ya mkutano wa chama hicho mjini Washington na kuwatangazia wazazi kwamba anawaachia huru. Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Walistahili kushangilia, ingawa mtu anaweza kuuliza nani alimpa hakimu huyo kesi.

Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter wa London walichapisha uchunguzi wa jozi 21 za mapacha. Katika jozi 11 za mapacha wa kufanana, jozi 4 walikuwa na usonji wote wawili. Katika jozi 10 za wasiofanana, hakuna hata moja. Idadi ni ndogo, lakini ilitosha kuelekeza macho kwenye urithi, na nadharia ya mama baridi ikaanza kufa kifo cha polepole.

Uingereza nako wazazi walikuwa wameanzisha chama chao mwaka 1962. Mmoja wao, Lorna Wing, alikuwa mama na daktari wa akili kwa wakati mmoja; binti yake Susie alikuwa na usonji. Yeye na Judith Gould walikwenda mtaa wa Camberwell, London, wakawatafuta watoto wote wenye ulemavu au mahitaji maalumu wa eneo hilo, si wale tu waliolingana na picha ya Kanner. Matokeo ya mwaka 1979 yalionyesha watoto zaidi ya 20 kwa kila 10,000 wenye shida ya kuhusiana na watu, wakati hesabu ya Victor Lotter ya mwaka 1966 huko Middlesex ilikuwa imepata 4.5. Kutokana na kazi hiyo Wing akasema usonji ni wigo mpana. Kliniki zikabadilika. Mwaka 1989 watafiti walitoa mahojiano rasmi ya kuchunguza kama mtu ana usonji. Toleo la mwaka 1994 lina vipengele 93, huchukua saa mbili hivi, na anayehojiwa ni mzazi.

Lotter huyohuyo alikuja Afrika. Mwaka 1978 alichapisha matokeo ya kutafuta watoto wenye usonji katika vituo vya watoto wenye ulemavu wa akili, katika miji 9 ya nchi 6, Kenya ikiwemo. Kati ya watoto zaidi ya 1,300 alithibitisha 9. Wapo waliohitimisha kwamba Afrika haina usonji. Wenyeji wangemwambia kwamba wengi wa watoto aliowatafuta hawakuwa katika kituo chochote. Walikuwa nyumbani, kwa bibi, uani.

Susan Folstein naye alifika Tanzania, na mwaka 2006 akawa miongoni mwa waandishi wa makala kuhusu watoto 20, ambao 14 kati yao walitimiza vigezo vya usonji. Watatu walikuwa wamekua vizuri hadi miezi 22, 35 na 42, kisha wakaugua malaria kali yenye homa ya muda mrefu na degedege, na walipopona walikuwa watoto wengine. Wengine wanne nao walikuwa na ugonjwa karibu na wakati hali ilipoanza, lakini waandishi walitahadharisha kwamba huenda imesadifu tu. Linganisha na makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998 huko London: watoto 12, wazazi kadhaa wanaohusisha hali hiyo na chanjo ya surua, na daktari aliyeuchukua ushuhuda huo akaugeuza silaha. Makala ilifutwa mwaka 2010, yeye akaondolewa kwenye orodha ya madaktari, na hadi leo kuna mama anayeikimbia sindano ya surua kwa sababu yake. Mzazi anajua nini kilitokea na lini. Kwa nini kilitokea ni kazi nyingine, na wale wa Tanzania waliifanya kwa uaminifu.

Pwani ya Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kutoka Kilifi na Mombasa ulikusanya maelezo ya wazazi, walimu na watu wa afya. Wakataja mapepo, laana na uchawi. Wakataja pia maambukizi, uzazi mgumu na urithi. Wengi hupita kote, hospitali, kwa watu wa dini na kwa mganga. Mama anayenyooshewa kidole kwa laana asiyoijua na yule wa Marekani aliyeambiwa ana moyo wa friji wametwikwa mzigo mmoja, ila wa Marekani alilipia na ushauri wa daktari. Mwaka 2003 wazazi wa Kenya waliunda chama chao cha usonji, kama walivyofanya wenzao wa London na New Jersey, na madarasa ya watoto hao yakafunguliwa katika shule ya msingi ya umma jijini Nairobi.

Watoto wa madarasa ya mwanzo sasa ni watu wazima. Hapo ndipo huduma zetu zinapokwama. Mtu wa miaka 40 asiyelala, anayepiga kelele barabarani au anayejibu maswali kwa kuyarudia, akipelekwa hospitali ataishia wodi ya wagonjwa wa akili, Mathari au Mirembe. Yale mahojiano ya vipengele 93 yanamtaka mtu aliyemwona akiwa na miaka 4 au 5. Mama ameshafariki, ndugu aliyemleta alikuwa bado hajazaliwa, na kwenye faili hakuna ukurasa hata mmoja wa utotoni. Daktari anaandika anachokiona siku hiyo, na mara nyingi anachokiandika ni skizofrenia.